Mkwe, Kanga na Nyayo Zangu

Mama Rehema wangu,

Joto la Chang'ombe linanichemsha, ila moyo umetulia, nawe utulie. Mikono bado inatetemeka; Parkinson haijaniacha na dawa zake nameza kama kawaida. Kilichopungua ni yale maumivu ya miguu yaliyokuwa yakinikosesha usingizi, nawe ukikosa pamoja nami.

Jirani na gereji iliyo karibu na kwa mwanetu Hamisi kuna mama anakanda nyayo. Anabonyeza taratibu kwa kidole gumba, kuanzia kisiginoni hadi vidoleni, mpaka misuli inalegea. Akataka mtu wa nyumbani ajifunze, awe ananikanda kila usiku. Hamisi anashinda kiwandani, basi akajifunza mkewe.

Nikakataa katakata. "Mkwe anishike mguu mie? Watu wa kwetu Newala watanionaje?" Nikajilaza na soksi zangu, vidole vimejikunja kwa maumivu.

Binti wa watu hakubishana. Kesho yake akaja na kanga, akapiga goti, "Shikamoo baba," akanifunika miguu. Yeye akageuzia uso kwenye runinga, mie nikageuzia wangu dirishani, akanikanda juu ya kanga ileile. Heshima haikuvunjika, na usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Kadi hii nimeandika mwenyewe kwa mkono huu wenye Parkinson, ndiyo maana herufi ndogo kama sisimizi. Usile korosho zote, nibakizie. Nikirudi mkwe atanisindikiza, akufundishe kukanda. Wewe, mke wangu, hutahitaji kunifunika kanga.

Wako,
Baba Rehema