Faida Alisugua Sarafu ya Babu kwa Majivu na Ndimu

Mama Dieudonnée mpendwa, naomba unisaidie, maana mke wangu Faida yuko kwa mama yake huko Nyangwe wiki ya tatu sasa, na kilichomfukuza ni mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni Nourdine, nina duka la sukari na sabuni hapa Kasongo, na marehemu babu yangu Bulaimu aliacha sarafu moja ya shaba, nzito, upande mmoja mfalme mwenye ndevu, upande wa pili mzee aliyejiegemeza, na mwaka jana nikaitafuta kwenye simu mpaka nikafika kwenye katalogi ya mtandaoni ambamo wapenzi wa sarafu wanaorodhesha zile zilizopigwa chapa zamani katika majimbo ya Warumi, nikajifunza kwamba yetu ilipigwa Misri, kwamba yule mzee ni mto Naili, na kwamba herufi za Kigiriki kando yake zinataja mwaka, na msimamizi wao akaniandikia kwamba sarafu ya mwaka huo hawana bado, nimtumie uzito na picha juu ya karatasi nyeupe.

Picha moja nilikuwa nayo, niliipiga sarafu ikiwa kwenye kiganja cha Faida, herufi zote zinasomeka, lakini nikaona aibu kuituma kwa sababu ya vidole, basi nikapanda pikipiki mpaka Salamabila kwa rafiki yangu Assumani anayenunua dhahabu, mizani yake ikasema gramu ishirini na mbili nukta nne, nikarudi, na Ijumaa nikaiacha mezani nikaenda msikitini. Kumbe Faida aliichukua akaisugua kwa majivu na ndimu, kama anavyosugua sinia zetu kabla ya Idi. Ndevu zimebaki kidogo, herufi hakuna tena, na yeye ananipokea mlangoni anacheka: "Baba Rehema, angalia, iko inangaa sasa! Wale watu ya telefone hawatasema kwetu iko buchafu." Mama, nilimjibu mbele ya kaka yake aliyekuja kututembelea kutoka Nyangwe, "Weye hauna akili hata kidogo, umeua kitu ya babu." Hakulia. Alinawa mikono, akambeba mtoto mgongoni, akaondoka.

Nifanye nini na sarafu hii? Na Faida je?

Nourdine, Kasongo

*

Nourdine mwanangu, umeuliza habari ya sarafu kwanza, mke baadaye. Nimeona. Mimi nitaanza na mke.

Pole, nasema kwa moyo. Kitu cha babu kikiharibika kinauma, na siwezi kukuambia ni kipande cha shaba tu. Lakini niambie, je, hata siku moja ulimweleza Faida kwamba sarafu ya kale haisuguliwi? Wewe ulisoma mwaka mzima, yeye alikuwa anaona mgongo wako umeinamia simu. Alijua kitu kimoja, kwamba wageni watakitazama kitu cha nyumba yake, na kwenu kitu cha kutazamwa na wageni kinasuguliwa mpaka king'ae. Alikufanyia heshima, ukamwita mjinga mbele ya ndugu yake. Aibu ni yako, baba.

Nimemwomba Blaise wa hapa redioni anifungulie hiyo katalogi yako. Nimekuta humo sarafu zilizoliwa na kutu, nyingine zimekatika, wafalme hawana pua. Hakuna iliyotupwa. Wanaandika hali yake, wanaipa nafasi yake. Hao watu wana subira na shaba kuliko uliyo nayo wewe na mama wa mtoto wako!

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi funga duka, uende Nyangwe mwenyewe. Usitume ujumbe, usitume shangazi. Kaka yake alisikia tusi, basi na asikie pia ukisema, "Faida, nilikukosea." Usiongeze "lakini."

Halafu kuna ile picha ya kwanza. Umeniandikia mwenyewe kwamba herufi zote zinasomeka, uzito unao, mwaka haujapotea. Kilichokuzuia ni vidole vya mkeo. Muonyeshe picha hiyo, umuombe ruhusa ya kuituma hivyo hivyo, na wakubwa wa katalogi wasipotaka vidole, wakose na mwaka.

Ila kabla hujatoa simu mfukoni, shika kwanza kiganja chenyewe.

Mama Dieudonnée