Fisi Mwenye Kofia ya Jumbe

Mwanaheri, nimetoka kwa bibi sasa hivi, kanisimulia kisa kizima.

Kile kitabu cha watoto cha babu Maftaha, chenye picha zilizopinda tunazozicheka. Enzi za Mwingereza, watu wa Kivinje walisoma Fatiha pamoja, kuahidiana kwamba mikoko haitakatwa, samaki wapate pa kuzaliana. Jumbe wao, mkuu wa mji, akaikata, akauza boriti.

Babu, mwalimu, akawachorea watoto kitabu cha fisi anayekata mikoko. Akamvisha kofia ya jumbe. Ileile.

Jumbe akaingia darasani na mchi. “Mkono upi umechora?”

Babu akanyoosha wa kulia. Jumbe akauponda juu ya dawati, watoto wanatazama, kidole kimoja kimoja. Kitabu akakichoma.

Mkono upi umechora. Kama anauliza bei ya dagaa.

Hiki tulichonacho ni cha pili, shoga. Babu alikichora kwa kushoto.

Na fisi bado kavaa kofia.