Okidi za Dada Shadya

Mkwaja, Jumapili

Kwa dada yangu Shadya,

Shikamoo dada. Natumai wewe, shemeji Fadhil na watoto hamjambo huko Raskazone. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila macho ya mama yamezidi ukungu. Mtu humwona kama kivuli tu. Sikupiga simu kwa kuwa nyumba ni ndogo na masikio yake bado makali.

Okidi zako zimechanua. Nasema zako kwa sababu mama hazijui kwa jina jingine. Zimejaa kinamasini nyuma ya msitu, ndefu hadi kifuani, zambarau tupu, wala hukuzipanda wewe. Lakini utotoni uliingia matopeni ukamletea ua moja, basi mpaka leo kila mgeni lazima asikie habari za Shadya na ua lake. Mimi humtekea maji kila siku, na sijasikia mgeni akisimuliwa habari za ndoo. Ukija wewe, kuku huchinjwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, nami nikaambulia shingo. Nakuonea wivu, dada, na sioni haja ya kuficha.

Wiki iliyopita uliahidi kuja, hukuja. Mama akasema twende kinamasini hivyo hivyo, huenda ukatukuta huko. Nikamkalisha kwenye gogo, nikaingia majini kumkatia ua. Kanga yangu nilikuwa nimeifukiza ule udi wako wa Idi. Niliporudi mama akanusa, akanishika kiganja, akauliza kama ni Shadya amefika. Unajua sauti zetu hata shemeji huzichanganya. Nikaitika abee. Nilitaka nionje, japo mara moja, utamu wa kuwa wewe.

Akaniomba, yaani akakuomba wewe, umchukue akaishi kwako. Alisema Zuleha anazeekea jikoni kwa ajili yake, na Ayubu wa watu alipomposa, Zuleha alimkataa kwa ajili yake. Alisema Zuleha ndiye macho yake, lakini hathubutu kumwambia, maana hatakubali kuachwa. Mimi hajapata kuniambia hivyo hata siku moja. Hata sifa zangu zimepelekwa kwako kwanza!

Wivu ukanipanda kichwani. Nikamjibu kwa jina lako kwamba nyumbani kwako hakuna nafasi.

Mama akakiachia kiganja changu. Kisha akasema haidhuru, mwanangu, ila nisimwambie Zuleha. Nikaaga kwamba gari litaniacha, nikaenda pembeni nikajimwagia maji ya kinamasi hadi udi ukaisha, nikarudi nikiwa mimi. Hakunisimulia kitu, nami sikuuliza.

Dada, njoo umwambie mwenyewe kwamba nafasi ipo. Ukimchukua, mchukue, nitazoea. Nitukane ukifika, ila usinitukane mbele yake.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Miaka yote nimeomba ipite siku moja tu mama asikutaje. Sasa imepita wiki nzima hajakutaja, nami ndiye ninayekutaja.

Mdogo wako,
Zuleha