Walioshuka Masukulu

Tata,

Mugonile. Salamu imetoka kabla sijafikiri. Inauliza kama mtu amelala vizuri, nawe ndiye pekee hapa ambaye sina haja ya kumuuliza. Naiacha ilivyo. Ulinifundisha kutofuta.

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike nyuma ya nyumba, kando ya migomba, mahali ulipotuonyesha kwa ncha ya fyekeo ukijifanya unafukuza kuku. Mvua haijakatika. Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni na kiwanja chote cha ndege kinapotea, kibanda chako kwanza, kisha mlingoti na kile kifuko cha kuonyesha upepo. Baadaye vinarudi kimoja kimoja, kama watu waliochelewa ibada.

Likizo yangu imekwisha lakini sijarudi Dar es Salaam. Jana Lusajo alikuja na barua. Huyu msaidizi wako uliyemwachia kibanda na kalamu sasa ana mke na watoto wawili, na bado hajathibitishwa kazini. Alisimama mlangoni huku maji yakimtiririka, akakataa kuketi.

"Dada, wizara wameniandikia. Wanasema fomu yangu na ya kampuni ya ndege hazilingani."

Kampuni imeandika kwamba siku ile niliyofika ndege ilishusha abiria watatu na mzigo wa kilo mia moja na kumi. Lusajo ameandika abiria wanne, mzigo hakuna. Amepewa siku kumi na nne asahihishe. Asiposahihisha, hatathibitishwa.

"Kusahihisha ni dakika moja," akasema. "Lakini kaburi la Mzee ninalipita kila siku nikienda kukata nyasi. Nitalipitaje?"

Wa nne ni wewe, Tata.

Nimeketi kwenye meza yako tangu asubuhi nikitafuta jibu la barua hiyo. Kazi yangu ni kuandika mambo yalivyotokea, kwa mpangilio. Basi naanza mwanzo, na wewe unisahihishe pale nitakapokosea.

Kiwanja chetu kilikuwa nyasi, mlingoti, kibanda cha mabati na wewe. Ndege za serikali zilikuja kwa nadra. Ilipita miezi mitatu, minne, bila hata mlio, na kila mwisho wa mwezi uliketi hapa nilipoketi mimi, ukaweka kaboni kati ya karatasi mbili, ukaandika. Ndege: hakuna. Abiria: hakuna. Mizigo: hakuna. Waliochelewa: hakuna. Saini. Kisha ukatembea hadi Tukuyu kuiposti. Nikiwa darasa la tano nilikuuliza kwa nini unatembea mbali hivyo kupeleka hakuna. Ukasema, "Nisipoituma, hawatajua kama ni ndege haikuja au ni mimi sikuja." Hukuweza kutamka ripoti, ulisema lipoti mpaka mwisho. Lakini mwandiko wako haukuwa na doa. Nimefanya kazi na wahariri wengi, na hakuna aliyenifundisha habari ni nini kwa maneno machache kuliko hayo.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kampuni za watu binafsi zikaanza kurusha ndege ndogo, na moja ikawa inatua kwetu mara mbili kwa wiki kwa ajili ya watu wa mashamba ya chai na yeyote aliyepata nafasi. Fomu ikawa ndefu mara mbili. Wizara ilitaka kila kampuni ieleze imebeba wangapi, imeshusha wangapi, kilo ngapi, imefika saa ngapi, na kama imechelewa, kwa nini. Walinzi wa viwanja nao walitakiwa kutuma zao, ili mbili hizo zilinganishwe. Mimi wakati huo nilikuwa nikiandika habari za uchukuzi. Niliyasifu masharti hayo gazetini, na bado nayasifu. Kampuni isiyodaiwa takwimu hujisifu yenyewe.

Ofisa mmoja wizarani aliniambia huku akicheka kwamba fomu za Masukulu ndizo anazosoma kwanza. Kampuni iliandika: imechelewa, hali ya hewa. Wewe uliandika: jua kali, rubani alikuwa anakula ndizi kwa mchungaji, dakika ishirini na tano. Siku nyingine: ng'ombe wa mwalimu mkuu kiwanjani, dakika kumi na mbili, mwenyewe ameonywa. Sikumwambia ofisa kwamba wewe ni baba yangu. Nikajisikia vizuri kimyakimya.

Nakumbuka zaidi siku za ukungu. Mlio ulianza kabla ya kitu chochote kuonekana. Ulipita juu ya chai, ukaenda upande wa Tukuyu, ukapotea, ukarudi, na watu wote shambani walisimama na majembe wakitazama weupe mtupu. Ulisimama katikati ya nyasi na ubao wako kifuani. Kisha wingu lilipasuka mahali pasipotarajiwa na ndege ikashuka ikiwa imelowa, kama kitu kilichozaliwa muda ule. Watu wakashuka. Ukaanza kuhesabu. Mtu akikusalimia wakati huo ulisema, "Ngoja, nisipoteze hesabu."

Ndivyo alivyoondoka mama Subilaga, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa Masukulu, mimi nikiwemo. Alipelekwa Dar es Salaam kwa matibabu, amelala kwenye machela, hawezi hata kuinua kichwa. Uliandika: walioondoka, abiria mmoja. Miezi miwili baadaye barabara ilikatika kwa mvua, na kampuni ikaamua kumrudisha kwa ndege akiwa ndani ya jeneza. Walitoa viti viwili kumpisha, vikabaki vinne, na ndugu wanne wakakaa. Fomu ya kampuni ilisema abiria wanne, mzigo kilo tisini. Yako ilisema abiria watano.

Wizarani waliona ndege yenye viti vinne imeshusha watu watano, kwa hiyo mtu mmoja alisafiri bila kiti. Kampuni ikazuiwa kutua kwetu mpaka jambo lieleweke. Wakala wake alikuja mwenyewe hadi kibandani. Ulinisimulia maneno yake.

"Mzee, mfute huyo mmoja tu, tuendelee na kazi."

"Nimfute vipi, na kaburi lake naliona kutoka hapa?"

"Lakini Mzee, maiti ni mzigo. Ndivyo taratibu zinavyosema."

"Alipoondoka amelala nilimwandika abiria, na wewe ukasaini. Amerudi amelala. Sasa mimi wa kumwita mzigo ni nani? Mwanangu alizaliwa mikononi mwake."

Ukaandika maelezo yako na kuyatuma. Yalikuwa mistari miwili. "Walioshuka ni watano. Wanne walitembea, mmoja alibebwa."

Ndege haikuja kwa wiki saba. Sitasema uongo kwamba watu walikupongeza. Sokoni walikutania, "Mzee Ambakisye, ndege yetu umeiua kwa kalamu!" Mke wa mchungaji alivunjika mguu, akapelekwa Mbeya juu ya lori la chai. Alipona, lakini hakukupa mkono kanisani hadi Pasaka. Ulilijua hilo, ukampelekea mkungu wa ndizi, na fomu hukuibadilisha. Mwishowe wizara iliibadilisha yenyewe, kwa wino mwekundu, ikakuandikia karipio. Ndege ikarudi.

Sasa nafika kwangu.

Yule ofisa alinisimulia kisa hicho kama kichekesho, juu ya chai. Nilijua ni wewe kabla hajamaliza. Gazeti letu lilikuwa na kona ya vituko, na siku hiyo kona ilikuwa tupu. Niliandika aya moja. Sikutaja jina wala kijiji. Nilisema tu kwamba mlinzi mmoja wa kiwanja huko nyanda za juu amemhesabu maiti kuwa abiria, na kampuni sasa inajiuliza kama impe na chai njiani. Watu walicheka. Mhariri alinipiga begani.

Magazeti yalifika Tukuyu kwa kuchelewa siku mbili. Nilipokuja Krismasi ulikuwa umelisoma. Tulikuwa tukimenya ndizi, wewe na mimi, kwenye ngazi ya nyuma. Ukasema, "Nimeiona lipoti yako. Iko sawa." Ukachukua fyekeo, ukaenda kukata nyasi ambazo ulikuwa umezikata jana yake.

Nilikusikia. Nilielewa pia. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na kosa lake nalijua, kwa sababu ningemfokea mwanafunzi yeyote kwa kosa hilohilo. Niliandika habari ya mtu bila kumuuliza. Simu ya posta Tukuyu ilikuwepo. Nilikuwa na mwaka mzima baadaye wa kukuuliza, na Krismasi nyingine, na miezi ile uliyokaa kwangu Dar es Salaam ukiugua, ukitazama dirishani na kuhesabu ndege zinazokwenda kutua. Ulizitaja saa zake. Nilikuwa narudi kutoka kazini nakuta karatasi mezani: ndege kumi na nne, moja imechelewa, sababu haijulikani. Nilicheka, nikakupikia uji. Sikuuliza.

Ulipoondoka hapa uliondoka umelala. Lusajo alinionyesha fomu ya siku ile. Walioondoka: abiria wawili. Wewe na mimi.

Na siku ya kukurudisha, ndege ilikuwa inakuja tupu kuwachukua wageni wa chai, tukapata nafasi: shangazi, kaka Asegelile na mimi. Pale kaunta kijana mpole aliniuliza, "Kilo ngapi, dada?" Fomu ilikuwa na mahali pawili tu, abiria na mzigo. Nilimwambia huyu ni baba yangu. Akasema, "Pole sana. Kilo ngapi?" Nyuma yangu shangazi alikuwa amesimama na kanga mdomoni. Rubani alikuwa anaangalia mawingu. Niliandika mia moja na kumi, nikasaini.

Kwa mkono huu, Tata.

Njiani hatukuona kitu. Tulipanda ndani ya mawingu na hatukutoka tena. Viti vilikuwa vimetolewa upande wako, na nilikaa karibu kiasi cha kuweka kiganja juu ya mbao. Nadhani nilisinzia. Niliona kiwanja chini ya ukungu, nyasi ndefu kuliko kawaida, na watu wakishuka kutoka mahali ambapo hapakuwa na ndege. Mama Subilaga alikuwepo, na watu nisiowajua, wametulia, viatu vyao vikavu. Ulisimama na ubao wako. Nilikuja mpaka karibu nikakuuliza lile swali, kwa nini uliandika watano. Hukugeuka. "Ngoja, nisipoteze hesabu." Nikangoja. Nilikuwa bado nangoja magurudumu yalipogusa nyasi.

Lusajo alikuwa pale pale unaposimama wewe. Vijana sita walikubeba. Alitazama mpaka mwisho, akaandika, akanionyesha. Wanne. Niliiona. Nilijua kabisa kwamba mjini karatasi mbili zitawekwa pamoja na hazitalingana, kwa sababu moja ilikuwa na saini yangu. Nikawafuata waliokubeba. Tulikuwa na kaburi la kuchimba.

Kwa hiyo aliyekosea si Lusajo, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi. Wizara inataka karatasi mbili zilingane, na ni haki yake. Basi itakayorekebishwa ni ile niliyoisaini mimi.

Nimemaliza kuiandikia wizara sasa hivi. Nimeeleza kwamba mimi ndiye niliyetaja kilo na kusaini, kwamba mlinzi wa kiwanja hakukosea hesabu, na kwamba niko tayari kuitwa. Sijaomba huruma. Nimependekeza fomu iongezwe mahali pa tatu, paandikwe marehemu, kwa idadi, si kwa kilo. Wakikataa nitaandika tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, kama wewe na hakuna zako. Mhariri nimemwandikia vilevile. Namdai aya moja, kwenye kona ileile, na safari hii jina lako liwemo.

Sijui kama kazi ya Lusajo itapona. Nimemwambia hivyo alipopita hapa, sikumdanganya. Aliisoma barua yote kwa sauti ya chini, akaikunja vizuri. "Ndaga, dada," akashukuru. Kisha akaenda kufukuza ng'ombe wa mwalimu mkuu, maana mlio umeanza kusikika juu ya wingu na kiwanja hakionekani.

Kesho nakwenda posta Tukuyu kwa miguu, njia yako. Pumzika, Tata. Nimetumia kaboni. Ya juu ni yao, na hii ni nakala yako:

"Walioshuka ni wanne. Watatu walitembea, mmoja alibebwa."

Binti yako,
Atupele