Ufunguo wa Lango la Maji

Torrelsec, siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, 1251

Mume wangu Guerau,

Mavuno matatu hujakanyaga hapa! Umekufa? Kama umekufa, wangenirudishia basi shuka zangu. Padre Bonanat anaandika, nasema mimi. Akinilainishia maneno nitamjua, maana hukohoa. Hujambo? Unakula? Mgongo je? Mimi mzima, goti tu linanung'unika.

Sasa sikia. Mkuu wa ngome yetu, huyo Ndugu Arnau uliyemweka wewe, ametia kufuli kwenye lango la mfereji. Maji yote yanakwenda kwenye kinu cha Shirika lenu la watawa wa vita. Maharage yamelala chini kama walevi. Tukimuuliza, anatujibu, "Hapa naamuru mimi." Anaamuru yeye, au wewe Mkuu wa Jimbo zima? Njoo ufungue.

Bibi yako,
Ermessenda

Lleida, siku ya Mtakatifu Yakobo

Shikamoo bibi,

Mimi mzima, nakula, mgongo haujambo. Goti lipake mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto, usijifanye kijana.

Niko kwenye baraza la Mfalme. Asubuhi nabishana na maaskofu juu ya mipaka, mchana Mfalme anataka wapanda farasi, jioni wakuu wa ngome wananijia, kila mmoja na malalamiko juu ya jirani yake. Tena kuna nafaka ya kuwavushia bahari ndugu walio vitani, na kinu cha Arnau ndicho kinachoisaga. Kila masika wakuu wote hupiga magoti na kunirudishia funguo zao. Hapo nitampima. Nikikimbilia kijiji cha bibi yangu kwanza, nani ataamini hukumu zangu tena? Vumilia.

Mjukuu wako,
Guerau

Torrelsec, siku ya Kupalizwa Bikira Maria

Guerau,

Marahaba. Goti nimelipaka, halijasikia.

Masika! Masika utamhukumu Arnau mbele ya nani, mijusi? Sancha mfumaji amekwisha kufunga mizigo kwenye nyumbu. Ng'ambo ya mto Askofu anagawa ardhi, maji yamo. Nyumba zote tumekubaliana: lango likiwa bado limefungwa siku ya Mtakatifu Mikaeli, tunahama. Nami nahama, na goti langu. Kinu hakilimi, mwanangu. Mtasaga nini? Ngome bila watu ni rundo la mawe lenye bendera.

Usinitishe na muhuri wako. Ulinikojolea kitanda mpaka umri wa kuchunga kondoo. Unaogopa kuitwa mtoto wa bibi? Ndivyo ulivyo. Njoo.

Bibi yako,
Ermessenda

Lleida, siku ya Kuzaliwa Bikira Maria

Shikamoo bibi,

Umenimaliza! Umesahau kanuni yetu? Barua ya ndugu yeyote husomwa kwa sauti mbele ya wenzake, na ukuu haujanitoa humo. Karani alisoma yako mezani. Alipofika kwenye kitanda, mzee wetu mmoja alipaliwa na mvinyo. Alipofika penye ardhi ya Askofu, kicheko kikakatika.

Basi si mimi niliyeamua. Baraza limesema kijiji kikihama, ngome haina maana, niende sasa hivi. Nakuja na wazee wawili, tutaketi pamoja hukumuni. Mwambie Sancha afungue mizigo. Lakini nitahukumu nilivyoapa, bibi, upende usipende.

Mjukuu wako,
Guerau

Torrelsec, siku ya Mtakatifu Luka

Mume wangu,

Marahaba. Ulifika salama? Hapa wazima. Maharage machache yamenyanyua vichwa.

Siku ulipokuja kuhukumu, nilikasirika. Arnau alipopiga magoti na kuweka funguo miguuni pako, nilisema moyoni: mfukuze! Wewe ukamrudishia. Nilikuita jina ambalo Padre anakataa kuliandika. Kumbe mmoja, wa lango la mfereji, umebaki mkononi mwako. "Huu ni wa kijiji," ukasema. "Chagueni mshika maji. Kinu kina zamu yake, mashamba yana zamu yake."

Tumemchagua Sancha. Anauvaa shingoni kama shanga. Juzi Arnau kaja mwenyewe, kofia mkononi: "Mama Sancha, leo si zamu yangu?" Sancha hata hakuacha kufuma. "Kesho, mwanangu. Karibu uji."

Tena siku ile ulipohukumu, mimi mjinga, kwa furaha, nikakutolea shavu mbele ya watu wote. Nilisahau kuwa mmeapa kutobusu mwanamke, hata aliyewazaa. Wale wazee wako wakatazama viatu. Kwa aibu mkate niliokuletea ukaniponyoka. Ukainama, ukauokota, ukaubusu kama tunavyobusu kila mkate ulioanguka, ukaniwekea kiganjani. Nimeula wote peke yangu, na vumbi lake. Sikumpa mtu.

Ukija tena, farasi wakae mbali na maharage yangu. Wewe pitia mlango wa jikoni. Mkate utakuwa mezani. Uangushe.

Bibi yako,
Ermessenda