Manjano usoni, bluu kwenye picha

Mwenzangu, yale manjano na asali uliyoniambia yanafuta madoa nimepaka jana. Madoa yapo palepale. Uso ndio umekuwa kama ndizi mbivu. Nimesugua kwa sabuni mara tatu, wapi.

Nikaenda studio hivyohivyo. Si unajua kila asubuhi bosi ananikalisha kwenye kile kigoda, ananipiga picha moja, anarekebisha rangi ya kamera kwa uso wangu? Leo kaona manjano imezidi, akadhani kamera ndiyo mbovu. Akaipunguza hiyo manjano.

Watu tisa wa picha za pasipoti wametoka bluu. Bluu, mwenzangu. Mama mmoja kashika yake anauliza, "Huyu maiti ni nani?"

Bosi kanigeukia mbele yao. "Ni huo uso wako."

Uso wangu? Na Ijumaa nani alisema madoa yangu yanamharibia vipimo vya rangi?

Nikamwambia, "Bosi, mimi umeniajiri kupokea wateja. Uso wangu siupaki kitu tena, na hapo kwenye kigoda kaa wewe."

Kakaa kweli. Nikampiga picha mimi.

Ana madoa kunishinda. Na kwenye picha sikumfutia hata moja.