Pofu Wamerudi Bondeni, Mtani

Gama, mtani wangu,

Kamwene. Huitiki, na hilo ndilo jambo la kwanza linalonishinda kulizoea, maana wewe Mngoni hukuwahi kusalimiwa ukajibu kwa maneno machache.

Nikupe kwanza habari za mazishi yako, kwa kuwa ulikuwepo lakini hukuona. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa nilishuka nikalala chali humo ndani, nikasema Mngoni hazikwi katika ardhi ya Wabena mpaka nipewe kuku. Mchungaji wetu mpya, ambaye utani wetu bado hajauzoea, aliniomba kwa upole nitoke. Kisha akaniomba bila upole. Nikaletewa jogoo. Watu walicheka, mkeo naye akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikapanda juu na udongo hadi masikioni. Nilicheka na wenzangu mpaka walipokushusha, hapo nikaangua kilio. Sikujua kwamba mtu anaweza kumlilia Mngoni kiasi hicho.

Sasa habari yenyewe. Ni ya wale pofu wako, wale swala wakubwa kama ng'ombe.

Unaikumbuka asubuhi ile Wazungu wawili wageni walipokuja na lori kutoka Makambako kuwinda. Tulikuwa juu ya kilima, wewe umelala kifudifudi kwenye umande kama kawaida yako, mimi nimechuchumaa kwa sababu nina akili. Pofu walikuwa wanakula bondeni, na yule jike mzee uliyemwita Mama Mchungaji alikuwa mbele yao, na mwendo wake wa taratibu na ile ngozi inayoning'inia shingoni. Bunduki ikalia mara mbili. Hakuanguka hata mmoja. Walitimka, wakavuka kijito, wakapanda mpaka ukingo wa pili, na hapo wakasimama. Wakageuka wote kutazama walikotoka.

Ukanishika mkono. "Tazama, mtani. Risasi haiwafukuzi. Wakiachwa pale pale, kesho wako hapa wanakula. Kinachowafukuza ni kufuatwa."

Na wakafuatwa. Lori liliwazungukia siku tatu mfululizo, mpaka bonde likabaki na ndege tu. Mtu mmoja wa kazi ya barabara akatuambia amewaona mbali sana, kule tambarare za chini ya Makambako.

Watu hawakusikitika, tuseme kweli. Bonde lile lina udongo mweusi, na kila mtu alianza kulitazama kwa jicho la jembe. Ni wewe peke yako uliyekwenda kwa jumbe kuomba asiingie mtu: kuni zisikatwe, mbwa wasipite, mitego isitegwe. Ulimweleza kwamba pofu waliofukuzwa humtanguliza jike mzee aje kupeleleza, na akikuta harufu ya mtu au mbwa, anageuka na hawarudi tena. Jumbe akakata shauri: bonde lipumzike mpaka mvua za kwanza, na wasiporudi, ligawanywe mashamba. Kisha baridi ya Juni ikakuingia kifuani. Ukaenda zako, na ulinzi wa bonde ukaniangukia mimi.

Gama, kuna jambo sikukuambia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua kipande changu. Ni pale chini kijito kinapopinda, ambapo viazi vingeota hata ukivitupa tu. Shamba langu unalijua: mawe, na watoto saba wanaokula kama nzige. Nilimwendea jumbe kwa siri nikamwomba jina langu liwe la kwanza. Basi miezi yote ile nilifukuza mbwa wa watu kwa sauti kubwa, na moyoni nikaomba wanyama wako wapotelee huko huko. Naona aibu kuyaandika haya, lakini kwako niyafiche ya nini sasa?

Wiki iliyopita mawingu yakajikusanya. Jumbe akatangaza kwamba Jumatatu tutapima mashamba. Jumapili baada ya ibada nikateremka peke yangu na vigingi vyangu kwapani, nikiwa bado na koti la kanisani. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilipokuwa natafuta pa kukita kigingi cha kwanza nikasikia tak, tak, tak. Ni wewe uliyenifundisha kwamba pofu mkubwa akitembea magoti yake hulia. Nikajitupa chini kifudifudi, na koti langu!

Akatokea Mama Mchungaji, peke yake. Upepo ulitoka kwake kuja kwangu. Alisimama, akanusa, akala kidogo, akainua kichwa. Juu kwenye ukingo wa pili niliwaona wenzake wamesimama wakimtazama yeye, na ndama wawili kati yao. Ndipo koo likaanza kuniwasha.

Kikohozi kimoja tu, Gama. Angetimka, wote wangetimka, na Jumatatu ningepimiwa shamba langu bila mtu yeyote kujua. Nilijaza udongo mdomoni. Ule ule mweusi. Nikakaa hivyo mpaka wenzake wakashuka wote wakaanza kula.

Nilikwenda kwa jumbe nikiwa na matope mpaka kwenye meno. Akaniuliza, "Nani mwingine amewaona?"

"Hakuna."

Nilidhani atanicheka. Akaniambia, "Mwingine ningemdai shahidi. Wewe unajinyang'anya shamba kwa mdomo wako mwenyewe, shahidi wa nini tena?" Jumatatu hakupima. Bonde limefungwa, na wazee wote wamekubali.

Lakini nilipoaga, jumbe akanirudisha mlangoni. Akasema wewe ulijua. Ulipokuwa kitandani alikueleza kwamba nimeomba kipande cha kwanza, akakuuliza ulinzi apewe mtu gani mwingine. Nawe ukamjibu, "Mpe huyo huyo mtani wangu."

Nilirudi nyumbani, Mngoni wewe, nikilia na kucheka, watu wakadhani nimekunywa ulanzi.

Lala salama, ndugu yangu. Viazi nitavilima kwenye mawe, na watoto watakula. Bonde nitalilinda mpaka siku yangu, na safari hii nitalilinda na moyo pia.

Mimi mtani wako,
Sefania